Nasifu Usumbufu wa Kuchenji Hela

Basi la kutoka Arusha likifika Namanga, baada ya mwendo wa kilomita kama 110, abiria hawajamaliza kunyoosha miguu kabla vijana wenye mabunda ya noti mikononi hawajawafikia. "Kenya, Kenya! Anko, unachenji? Dada, karibu, bei nzuri." Mtalii hubana mkoba wake kifuani. Mwanafunzi anayerudi chuoni Nairobi hugeuza uso. Mfanyabiashara aliyepita hapo miaka yote hutembea moja kwa moja kama hakuitwa. Wote wamechoka, wote wana foleni ya uhamiaji mbele yao, na karibu wote wanaona shughuli ya kubadili fedha ni adha iliyowekwa njiani ili iwacheleweshe.

Mimi naisifu adha hiyo, na naisifu nzima nzima: kelele zake, kuhesabu kwake mara mbili, noti inayokataliwa kwa sababu ya mkunjo, sarafu zinazobaki mfukoni bila mtu wa kuzitaka. Naisifu kwa kuwa pale ndipo mtu wa kawaida anapoonyeshwa waziwazi bei ya fedha yake, tena akiwa na mtu wa kubishana naye.

Tufanye hesabu rahisi. Tuseme leo kijana ananunua shilingi moja ya Kenya kwa shilingi 19 za Tanzania, na anaiuza kwa 20. Ukimpa 400,000 za Tanzania, anakupa 20,000 za Kenya. Ukighairi safari hapo hapo na kumrudishia zile zile, atakupa 380,000. Shilingi 20,000 zimekwenda na hujavuka hata geti. Hiyo ni asilimia tano. Inauma, na ni vizuri iume, maana tangu hapo unajua kuvuka mpaka kunagharimu kiasi gani, na ukirudi utajitahidi usibaki na fedha nyingi za kuchenji tena.

Sasa linganisha na raha ya kadi. Msafiri anasimama dukani Dubai au London, anachomeka kadi, na mashine inamuuliza kama angependa kulipa kwa fedha ya nyumbani kwao au kwa fedha ya pale. Anafurahi kuona shilingi anazozifahamu, anabonyeza. Hapo amempa mwenye mashine ruhusa ya kupanga bei ya kubadilishia, na bei hiyo kwa kawaida ni mbaya kuliko ile ambayo angepata kama angechagua fedha ya pale. Baadaye benki yake nayo inaweza kukata chake. Hakupigiwa kelele na mtu, kwa hiyo hakuuliza kitu. Ada ataiona kwenye taarifa ya akaunti mwezi ukiisha, kama ana tabia ya kuisoma. Wengi hawana.

Simu nayo imetusaidia sana, na sitaki kuidharau. Tangu 2015 mtu wa M-Pesa Tanzania ameweza kumtumia pesa mtu wa M-Pesa Kenya, na hilo limewaepusha wafanyabiashara wengi na vibaka wa stendi. Lakini bei kwenye skrini inakuja imeshaamuliwa. Huwezi kuiambia skrini iongeze kidogo.

Kuongeza kidogo ndiyo kazi yenyewe pale Namanga. Mtazame mama wa vitunguu. Vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu, vina soko Nairobi, na anayevipeleka hulipwa kwa shilingi za Kenya. Anarudi amechoka, noti amezifunga kwenye pindo la kitenge, na mkopo wa shamba unamsubiri kwa shilingi za Tanzania. Kijana anamfuata.

"Shikamoo mama. Unarudi salama?"

"Marahaba mwanangu. Kenya unanunua ngapi leo?"

"Kumi na tisa, mama."

"Kumi na tisa ni ya juzi. Mwenzako pale kaniambia na nusu."

"Mwenzangu huyo hana hela ya kukumaliza wewe, mama. Una ngapi?"

"Nina nyingi. Sema bei kwanza."

Hiyo "sema bei kwanza" ina elimu ndani yake. Mama hataji kiasi chake kabla ya kusikia bei, kwa kuwa anajua bei hubadilika kufuatana na ukubwa wa bunda na uchovu wa mwenye nalo. Anajua bei ya juzi. Amepita kwa vijana wawili kabla ya kufika kwa huyu. Anajua pia kwamba ikiwa malori mengi ya mahindi na vitunguu yamevuka wiki hiyo, shilingi za Kenya zitakuwa zimejaa upande wa Tanzania na wanunuzi wake watakuwa wagumu. Mambo ya biashara ya nje na thamani ya sarafu, ambayo watu hulipia karo kuyasoma, yeye anayaendesha akiwa amesimama juani.

Wakikubaliana, kijana anahesabu. Noti za elfu kumi anazipanga tembo wote wakitazama upande mmoja, kwa sababu noti iliyogeuka husababisha kosa la kuhesabu, na vilevile huficha noti iliyokunjwa katikati. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinapokea, midomo inakwenda bila sauti. Anampa. Mama anahesabu upya, polepole kuliko yeye, anatoa moja na kuiinua kwenye mwanga, anaipapasa kwa ncha za vidole mahali palipochapwa kwa mparuzo, anairudisha. Mpaka hapo shilingi zake za Kenya bado ziko kwenye pindo la kitenge. Akishatosheka na za mwenzake ndipo anafungua fundo. Kijana haoni kwamba ametukanwa. Angemshangaa kama asingefanya hivyo.

Wapo matapeli, na sifa zangu haziwahusu. Mbinu yao inayofahamika mipakani ni hii: unahesabu na kukuta imepungua noti moja, unamwambia, anakuomba radhi kwa adabu zote, anachukua bunda lote mkononi mwako, anaongeza ile noti mbele ya macho yako, na wakati wewe unaitazama inayoingia juu, kidole cha chini kinachomoa tatu. Unapokea ukiwa umeridhika, huhesabu tena. Wengine wana kikokotoo kilichochezewa kinachotoa jibu pungufu. Dawa ya yote mawili inajulikana: piga hesabu kwenye simu yako mwenyewe, na bunda likishafika mkononi mwako lisirudi kwake; kama imepungua, aongeze juu yake likiwa kwako. Anayesafiri bila kujua hayo ataibiwa pia kwenye nauli, kwenye chumba cha kulala wageni na sokoni. Afadhali akutane na somo hilo mapema, penye askari na watu wengi.

Kuna wanaosema zamani ilikuwa raha, hakukuwa na haja ya haya yote. Ni kweli ilikuwapo shilingi moja ya Afrika Mashariki. Ilianza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya wakoloni, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar nayo ikaingia mwaka 1936, na mtu aliweza kutoka Dar es Salaam hadi Kampala na noti zile zile mfukoni. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake. Hilo watu hulikumbuka kwa huzuni. Wanachokisahau ni kilichofuata. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Fedha za kigeni zikawa kitu cha kuombwa Benki Kuu kwa barua na vibali: mgonjwa wa kwenda kutibiwa nje aliomba, mwanafunzi aliomba, mfanyabiashara aliomba na mara nyingi akanyimwa. Wakati wa operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, kukutwa na fedha za kigeni bila maelezo lilikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi. Bei ya serikali ilikuwa moja, bei ya uchochoroni nyingine kabisa, na tofauti kati yake ilimtajirisha aliyekuwa karibu na muhuri.

Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua maduka ya kubadilishia fedha Tanzania. Kenya ilianza kuyapa leseni mwaka 1995. Kwa hiyo ubao wa bei unaouona leo ukutani, safu ya kununua na safu ya kuuza, una umri mdogo kuliko watu wengi wanaoulalamikia. Ubao huo ulimtoa ofisa na muhuri wake katikati ya msafiri na safari yake. Naona tunausahau upesi mno.

Tulipata nafasi ya kuukumbuka. Novemba 2018 Benki Kuu ya Tanzania, ikisindikizwa na askari, iliyakagua maduka ya fedha ya Arusha na mengi yakafungwa. Mapema 2019 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito, utakatishaji wa fedha na kukiuka masharti ya leseni, na mimi sina ugomvi na ukaguzi. Lakini aliyeishi Arusha kipindi hicho anakumbuka foleni za benki, mtalii ameshika pasipoti, mama wa Namanga ameshika tiketi ya namba, na saa nane mchana ndiyo kwanza dirisha la nne. Ushindani wa maduka kumi kwenye mtaa mmoja, lile jambo la kutoka duka hili na kuvuka barabara kwenda lile kwa ajili ya shilingi tano, uliondoka. Kuvuka barabara kule kulikuwa usumbufu. Kulipoondoka, hakuna aliyebaki wa kumwambia mwenye dirisha kwamba mwenzake ana bei nzuri zaidi. Kanuni mpya za 2023 zikafungua tena njia, na Arusha ikapata pumzi.

Noti zinazokataliwa ndizo huwaudhi wageni kuliko jambo lingine lolote. Mmarekani anatoa dola 100 ya miaka ya tisini, halali kabisa kwa sheria ya nchi yake, ambako noti za dola haziishiwi muda hata zikizeeka namna gani. Duka la Arusha, Kampala au Bujumbura linaisukuma nyuma: tunachukua za kuanzia 2006. Akitoa dola tano tano anaambiwa bei yake ni ya chini kuliko ya noti kubwa. Goma na Lubumbashi hali ni kali zaidi; wabadilisha fedha wanaokaa nyuma ya meza zilizojaa mabunda ya faranga huipitisha dola mbele ya jua, na mpasuko mdogo pembeni unatosha kuirudisha, ilhali faranga zenyewe zinazunguka zimechakaa mpaka picha imefutika.

Mgeni huona ni uonevu. Lakini mwenye duka anafikiria safari ya noti ile baada ya mgeni kuondoka. Lazima aiuze kwa mtu mwingine au aipeleke benki, na benki yetu haiko mlango wa pili na hazina ya Marekani. Noti za zamani ziligushiwa kwa ustadi mkubwa, mashine nyingi za kukagulia hazizitambui vizuri, na ikikwama mkononi mwake hasara ni yake peke yake. Dola tano tano zinahitaji kuhesabiwa na kutunzwa kama dola mia mia, na thamani yake ni ndogo. Mtu asiyelindwa na yeyote anajilinda kwa macho yake. Mimi namheshimu.

Tena ni heshima ya kale katika pwani zetu. Karne ya 19 Zanzibar na Maskati zilifanya biashara kwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyopigwa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye, zote zikiwa na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Uhabeshi hawakutaka kuona badiliko lolote. Walikagua lulu kwenye mapambo yake kabla ya kupokea. Watengenezaji wa sarafu huko Ulaya walilazimika kufuata macho ya mtu wa soko la huku. Kijana wa Goma anayeinua dola juani anaendeleza kazi hiyo, na msafiri mwenye busara humsaidia kwa kuomba noti mpya kubwa benki kabla ya kuondoka, na kuzibeba zimenyooka ndani ya kitabu.

Sarafu za chuma nazo hazinunuliwi na mtu mpakani. Za Kenya zenye twiga, kifaru, simba na tembo zikivuka geti zinakuwa vyuma tu. Nazo nazisifu, kwa ufupi: ndizo zinazomlisha muuza machungwa wa upande wa pili wa geti, kwa kuwa kila anayeondoka anataka kuzimaliza.

Tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Hoteli ya Zanzibar iliyozoea kuandika dola mia mbili kwa usiku, na mwenye nyumba wa Masaki aliyedai kodi kwa dola, wote wametakiwa kutumia shilingi. Wenye hoteli wengine walinung'unika kwamba mgeni sasa atasumbuka. Ndiyo, asumbuke. Mwingereza akija kwetu achenji, kama sisi tunavyochenji tukienda kwao, ambako hakuna muuza chai anayekubali shilingi. Anapochenji anajifunza kwamba hapa kuna fedha, ina picha na ina thamani, na kwamba chai anayoinywa ina bei ambayo mpishi wa chai hiyo anaielewa. Kulipa kila kitu kwa dola kulimnyima hayo, na kulimfanya mhudumu wetu alipwe kwa shilingi na kuuza kwa dola.

Kuhusu sarafu moja ya Afrika Mashariki, wakuu wa nchi walisaini itifaki yake Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Ilikusudiwa ianze 2024. Sasa inatajwa 2031. Kabla ya hapo kila nchi inatakiwa kuzuia mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na kuwa na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Ni masharti magumu, na sidhani mwaka 2031 utatukuta tumeyatimiza. Nikiwa nimekosea, nitafurahi kwa ajili ya mama wa vitunguu, atakayeokoa asilimia zake kadhaa kila safari.

Lakini mpaka siku hiyo ifike, kazi ya kubadili fedha mpakani ni ya lazima, na wanaoifanya wanastahili kutendewa kama watu wa kazi. Leo wengi wa vijana wale hawana leseni. Wanakimbizwa asubuhi na kurudi mchana, na kwa kuwa hawajulikani kwa majina, tapeli anajichanganya nao kwa urahisi. Mahitaji ya mtaji kwa duka kamili ni makubwa mno kwao. Benki Kuu za nchi zetu ziwatengenezee daraja lao: namba kubwa kifuani, kibanda chenye taa, ubao wa bei mbili unaosomeka kutoka kwenye mlango wa basi, na kitabu cha stakabadhi. Kituo cha pamoja cha Namanga kina nafasi ya kutosha, vivyo hivyo Holili, Sirari, Mutukula na Tunduma.

Nawe msafiri, shuka kwenye basi na noti zako zikiwa zimenyooka. Uliza kwa watu watatu. Usitaje kiasi chako kabla ya kusikia bei, usilegeze mkono kabla ya kuhesabu, na kijana akikuambia "shikamoo" au "habari ya safari", mwitikie. Mengine myajadili baadaye.